Senti Kumi ya Shosho

Ukishika sarafu ya zamani kwa muda, kiganja kinabaki na harufu. Si harufu mbaya. Ni ya chuma na jasho, na kitu kingine kama maji ya mvua yaliyolala kwenye sufuria. Niliinusa wiki iliyopita nikiwa nimeketi juu ya kitanda kisicho na godoro, katika chumba cha marehemu mama yangu huko Thika, na kwa kitambo nikasahau kwamba mimi ni mama wa watu, mwenye miwani na dawa za presha. Nilikuwa tena mtoto wa darasa la pili, nimesimama nje ya kanisa na kuku kwapani.

Tulikuwa tunagawana vitu, mimi na Kariuki. Kariuki ni ndugu yangu kwa mama. Yeye alilelewa hapo Thika, mimi sikulelewa hapo, na kisa chote kiko katika hilo. Kazi ilikuwa karibu kuisha. Sufuria zilikuwa zimechukuliwa na majirani, nguo tumezifunga kwa shuka. Ndipo alipofungua mkebe wa poda, akatoa sarafu moja yenye tundu katikati, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Ilikuwa imelika. Zamani ilikuwa na pembe mbili za ndovu zilizolizunguka tundu, moja huku na moja huku. Sasa pembe zimekwisha, mwaka umekwisha, jina la mfalme wa Waingereza limekwisha. Imebaki duara nyembamba inayong'aa kama kifungo cha koti la mzee.

Kariuki alikuwa ameshatoa simu. "Siz, kuna wasee town wananunua hizi vitu," akasema. "Lakini hii imeisha, sijui kama watatoa kitu ya maana. Ama wewe unaitaka? Nitolee kakitu tu, hata kadogo, tumalizane. Sema wewe. Unatoa ngapi?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Ni kijana mwema, ana watoto wawili na pikipiki ya mkopo, na kwake hiyo ilikuwa senti kumi ya kizamani. Nilimwambia anipe dakika kidogo, amalizie pazia. Akapanda juu ya stuli akaanza kufungua vyuma, akipiga mluzi. Mimi nikaifunga sarafu kiganjani. Nilishaulizwa swali hilo hilo, kuhusu senti kumi hiyo hiyo, nikiwa bado sijaota meno ya mbele.

Mama aliniacha kwa shosho, kijijini Mugutha. Siku hizi ukienda Mugutha utaona nyumba za kupangisha zimebanana hadi nguo zilizoanikwa ghorofa moja zinadondokea nyingine, lakini wakati huo ilikuwa kahawa, mahindi na nyua za michongoma, na jioni harufu ya maganda ya kahawa yaliyooza ilikuja na upepo ikaingia hadi kwenye uji. Shosho alikuwa mama yake mama. Mimi ni jina lake. Mama hakuwa ameolewa aliponizaa, kwa hiyo hakukuwa na upande mwingine wa kudai jina, nikapewa la mama yake mwenyewe. Mama akitaka kuniita alisema "mami," akitaka kumwita shosho alisema "mami" vile vile, na mara nyingi tuliitika wote wawili.

Kabla ya kuniacha alinipeleka mjini kuninunulia viatu vya shule. Nakumbuka siku hiyo vizuri kuliko siku yangu ya harusi. Tuliingia supamaketi. Mlangoni kulikuwa na askari nyuma ya meza ndefu, na mama alimkabidhi kikapu chake cha sisal, naye akampa kibati cha duara chenye tundu na namba. Niliuliza ni cha nini. "Ni cha kuchukulia kikapu," mama akasema. "Tukitoka tunampa kibati, anatupa kikapu." Niliona ni mpango mzuri. Lakini tulipotoka tulimkuta mwanamke akilia pale mezani. Alikuwa amepoteza kibati chake. Mfuko wake tuliuona sote, mwekundu, umekaa rafuni nyuma ya askari, na yeye akiunyooshea kidole.

"Mama, bila kibati sitoi kitu," askari akamwambia. "Nitajuaje ni yako? Mwingine akija nacho, huyo ndiye nitampea."

Mama alitoa kibati chetu, tukapewa kikapu, tukaenda zetu. Mimi niligeuka nyuma hadi shingo ikauma. Sikumhurumia yule mwanamke hata kidogo. Niliuhurumia mfuko.

Mama alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha nguo huko Thika. Siku alipoondoka, shosho alimsindikiza hadi kwenye lango letu la mbao, nami nikafuata nyuma. Walizungumza kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Kisha shosho akafungua fundo la pembe ya kitambaa chake cha kichwa, akatoa ile senti kumi, akaiweka mkononi mwa mama. Mama akaiangalia. Akaifunga mkononi, akaifungua, akairudisha.

"Wacha ikae kwako, mami," akasema. "Mimi nitaipoteza."

Akanishika kichwa, akaenda. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi kabla hajafika kwenye kona.

Sasa mtu mzima angeona nini hapo? Mama mzee ampa binti yake kitu cha kumbukumbu, na binti hataki kumnyang'anya. Mimi niliona askari wa supamaketi. Niliona mzigo umekabidhiwa, kibati cha duara chenye tundu kimetolewa, na mwenye mzigo amekikataa. Nilisimama langoni nikiwa na viatu vipya, nikijua kwamba mama hana kibati changu. Sikulia. Nilijiambia kwamba mradi kiko kwenye kitambaa cha shosho hakuna mtu mwingine anayeweza kuja kunichukua, na siku mama akirudi nitahakikisha amekishika.

Kutoka Mugutha hadi Thika si mbali. Hilo nalisema sasa kwa sababu ndilo jambo nililochelewa kuliona: si mbali. Nilidhani Thika iko mahali kama Ulaya, ndiyo sababu mtu akienda huko harudi wikendi.

Nilikuwa mpweke jinsi mtoto anavyoweza kuwa, yaani bila kujua hali hiyo inaitwaje. Nilidhani ni njaa, nikawa naomba chakula halafu sili. Shosho alikuwa mwema lakini si mtu wa maneno. Alikuwa na shamba, na shamba halimalizi kusema na mtu. Jioni alipika, tukala, akasali, akalala. Watoto wa jirani walikuwa wakubwa, na walipocheza walinipa kazi ya kushika nguo zao. Watu waliniambia subira huvuta heri. Nilichukia msemo huo, na hadi leo sipendi kuusikia.

Shosho, naona, aliliona jambo hilo kwa njia yake, maana alinipa kifaranga. Alikuwa mweusi, wa kike, mwenye shingo isiyo na manyoya. Alipokua nilimwita Ticha, kwa sababu alitembea kama mwalimu wetu wa darasa, akisimama kila baada ya hatua chache kuona nani anapiga kelele. Ticha alinifuata kila mahali. Nikienda chooni alinisubiri mlangoni. Nilimsomea kitabu cha Kiswahili chote, naye akasikiliza kwa jicho moja, akageuka akasikiliza kwa jingine. Nilimweleza pia habari ya kibati, na hakuna mtu mwingine niliyemweleza.

Mwaka ule mvua haikunyesha ya kutosha. Mahindi yetu yalikauka yakiwa kimo changu. Na Jumapili ya mavuno ikafika, kwa maana Jumapili ya mavuno hufika, mavuno yawepo yasiwepo. Wenzangu mliolelewa katika makanisa ya huku mnaijua siku hiyo. Watu wanapanga foleni kupeleka mbele walichonacho: ndizi, maboga, miwa mirefu kuliko wabebaji, kuku waliofungwa miguu. Ibada ikiisha vitu vinatolewa nje, unaanza mnada, fedha zinakwenda kwa kanisa. Ni mnada usio na akili ya soko hata kidogo. Yai moja linaweza kununuliwa kwa bei ya mbuzi kwa sababu wanaume wawili wameshikana kiburi. Mtu ananunua mkungu wa ndizi, anaurudisha mezani uuzwe tena. Mwingine ananunua boga na kusema lipelekwe kwa mke wa pasta.

Asubuhi hiyo nilimwona shosho akizunguka jikoni, akiinua hiki akiweka chini, akifungua debe la maharagwe na kulifunga. "Mkono mtupu haulambwi," akasema, lakini hakuwa akisema na mimi. Tukaenda kanisani bila mzigo. Nilidhani amekata shauri kukaa kwenye benchi.

Foleni ilipofika benchi la kina mama wazee, akasimama nayo. Nilimwona kutoka kwa benchi la watoto. Alikuwa nyuma ya mtu mwenye miwa. Alipofika mezani alishika pembe ya kitambaa chake, akafungua fundo kwa meno kwa sababu lilikuwa limekaza, akaiweka senti kumi pale kati ya boga na kuku wa mtu.

Kibati changu kilikuwa kinapelekwa mnadani. Yeyote atakayekinunua atakuja nacho langoni kwetu, naye shosho atasema nini? Atanitoa. Ndio utaratibu. Niliwatazama watu wazima wote waliokuwa mle ndani, mmoja mmoja, nikijiuliza ni nani kati yao atakayekwenda nyumbani na mimi.

Pasta alipoinamisha kichwa kuombea matoleo nilipenya mlangoni nikakimbia hadi nyumbani. Nilijua watu hununua kwa pesa, na mimi sikuwa na pesa. Nilikuwa na kitu kimoja tu. Ticha alidhani tunacheza, akanizungusha ghala mara kadhaa, nami namwita kwa jina huku machozi yananitoka. Mwishowe alisimama kuona nani anapiga kelele, kama kawaida yake, nikamshika.

Nilipofika kanisani mnada ulikuwa umeiva. Mzee Kamau, mzee wa kanisa aliyekuwa akiuza, alikuwa amevua koti, sauti imeanza kukwaruza. Meza ilikuwa karibu tupu. Nadhani aliiacha senti kumi kwa makusudi hadi mwisho kwa kutojua la kufanya nayo. Aliishika kwa vidole viwili akaiangalia kupitia tundu lake.

"Haya, wapendwa," akasema. "Hii nayo ni pesa. Sasa nitauza pesa namna gani? Nani ananinunulia pesa?"

Watu wakacheka.

"Senti kumi!" kijana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na kicheko kikawa kikubwa zaidi.

Nilimtafuta shosho. Alikuwa amesimama na kina mama wenzake, akipapasa pembe ya kitambaa, pale palipokuwa na fundo. Alikuwa akitabasamu jinsi mtu anavyotabasamu akikanyagwa na mgeni.

Mzee Kamau aliona, na nafikiri aliona aibu. "Kutoa ni moyo," akasema, "usambe ni utajiri. Huyu mama ametoa alichokiweka tangu utoto wake. Ni mshahara wake wa kwanza, wa kuchuma kahawa kwa mzungu. Nani ananipa? Semeni kitu."

Hakuna aliyesema. Leo nauelewa ule ukimya. Ukitoa kidogo unamtukana mama mzee mbele ya kanisa. Ukitoa kingi watu watasema unajionyesha, au unamhurumia, na huruma ya hadharani inauma kuliko kicheko. Kila mtu alikuwa akipima moyoni, akimwachia mwenzake atangulie. Mimi sikuelewa hayo. Niliona watu wazima wanafikiria kama wananitaka.

"Hamsini," akasema Baba Nduta.

Baba Nduta alikuwa mwenye kinu cha kusaga unga. Alikuwa mkubwa, na siku za kazi alikuwa mweupe wa unga hadi kwenye kope, na sisi watoto tuliambiana kwamba mtoto aliyepotea mwaka fulani alisagwa kule kwake. Nilijiona katika nyumba yake, nikiwa na kope nyeupe.

"Hamsini mara ya kwanza!" Mzee Kamau akafurahi. "Baba Nduta hamsini! Hamsini mara ya pili!"

"Kuku!" nikapiga kelele.

Watu waligeuka. Walinipisha, nami nikajikuta mbele ya meza na Ticha kwapani, vumbi hadi mapajani, mguu mmoja hauna kiatu.

"Nani amesema kuku?" Mzee Kamau akainama. "Ni wewe? Wewe ni wa nani?"

Sikujibu. Hilo ndilo lililokuwa likiamuliwa.

"Ni mjukuu wa huyo mama," mtu akasema. "Ni jina lake."

Baba Nduta alikuja karibu. Alichuchumaa, magoti yakalia. Kwa karibu alinuka sabuni tu. "Huyu kuku ni wako, ama ni wa shosho?"

"Ni wangu."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Na unajua ukimtoa harudi?"

Nilijua. Nilitikisa kichwa kukubali, nikabana kidevu kwenye mgongo wa Ticha. Baba Nduta alimwangalia shosho, akaniangalia, kisha akasimama na kujipangusa magoti.

"Mimi nimeshindwa, Mzee," akasema. "Kuku amenishinda. Uza."

"Kuku mara ya kwanza," akasema Mzee Kamau, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Kuku mara ya pili. Kuku mara ya tatu." Akaniwekea senti kumi mkononi na kumchukua Ticha. Na kwa sababu mnada ni mnada, hapo hapo akamwinua Ticha juu kwa mabawa akaanza kumuuza. Baba Nduta akamnunua kwa bei ambayo watu waliipigia makofi. Kwa sekunde chache nilidhani atamrudisha kwangu. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kufanya hivyo. Lakini kanisani toleo halirudishwi mkononi kwa aliyelitoa, hata mimi nilijua, kwa hiyo akasema apelekwe kwa mke wa pasta. Jumapili iliyofuata nilipita nyuma ya nyumba ya pasta nikachungulia. Sikumwona, na sikuuliza.

Tulirudi nyumbani. Njia ni ile ya katikati ya kahawa, na mwendo wangu wa kiatu kimoja ulikuwa wa kuchechemea. Shosho alikiona kile cha pili kwenye mtaro, akakiokota, akanivalisha. Akabaki ameinama.

"Kwa nini ulifanya hivyo?" akauliza.

"Nisichukuliwe," nikasema.

Yeye alisikia "isichukuliwe." Au labda alisikia sawasawa na hakuelewa, sijui. Alidhani nimetetea heshima yake mbele ya waliocheka, na alikwenda kaburini akidhani hivyo. Alinishika shavu kwa kiganja chake kigumu. "Nilikuwa nimempelekea Mungu," akasema. "Kwa ajili ya mama yako. Ili arudi."

Niliingiwa na hofu upya. "Sasa nimemnyang'anya Mungu?"

Alifikiria. Alikuwa mtu wa kufikiria swali hata likiulizwa na mtoto. "Hapana," akasema. "Mungu amechukua kuku. Hana neno. Hiyo nayo weka, ni yako, umeinunua."

Nikaiweka. Niliifunga kwenye pindo la sweta, na usiku niliishika hadi kiganja kikanuka. Bila Ticha ua lilikuwa kubwa mno. Nilijifunza kucheza mwenyewe michezo ya watu wawili, nikikimbia upande mmoja na kurudi upande mwingine.

Mama alikuja Krismasi. Alileta mkate, mafuta ya kupikia na gauni la manjano. Gauni halikupita mabegani. Alikuwa amenunua la mtoto aliyemwacha, na mimi sikuwa huyo tena. Alilivuta, akalivuta, mshono ukalia, akacheka kicheko kifupi na kulikunja. Nilingoja hadi shosho alipokwenda shambani. Kisha nikafungua pindo la sweta.

"Mama, uliacha kibati," nikamwambia.

"Kibati gani, mami?"

"Cha kunichukulia. Ulimwachia shosho. Bila hiki huwezi kunitoa." Nikakiweka mkononi mwake na kumfunga vidole, kimoja kimoja. "Kilitaka kuchukuliwa na Baba Nduta. Nilikinunua. Sasa usikipoteze."

Mama alitoka nje, akasimama karibu na tangi la maji, amenipa mgongo. Aliporudi uso ulikuwa na maji, nikadhani amenawa. Aliifunga senti kumi katika leso na kuisukuma ndani kabisa ya mkoba.

Mimi nilikwenda kufunga vitu vyangu. Havikuwa vingi: nguo za shule, kitabu, unyoya mmoja mweusi. Asubuhi nilikuwa nimeketi langoni na mfuko wa karatasi mapajani, viatu nimevipaka mafuta. Mama alitoka na shosho. Alipouona mfuko alisimama.

"Shule zikifungwa tena, mami," akasema. "Sawa? Shule zikifungwa nitakuja."

Sikubishana. Alikuwa na kibati. Mwenye kibati anaweza kuzunguka dukani kadiri anavyotaka, mzigo wake upo. Nilimpungia mkono, nikarudi ndani na kufungua mfuko wangu kwa moyo mweupe kabisa. Ukiniuliza leo ni lini niliumia zaidi maishani nitakwambia ni hapo, ingawa wakati huo sikuhisi chochote. Uchungu wake nilikuja kuuhisi baadaye, kidogo kidogo, kila shule zilipofungwa.

Nilikuja kujua kwa vipande vipande, kama tunavyojua mambo ya kwetu, kwamba huko Thika alikuwa amepata bwana, na bwana alimkubali yeye, hakunikubali mimi. Shosho alifariki nikiwa sekondari. Mama alikuja mazishini na mumewe na kijana mdogo aliyemshika sketi. Mtu mmoja wa upande wa mume aliuliza mimi ni nani. "Huyu ni wa kwetu," mama akasema. Ndivyo alivyosema, wa kwetu, na mimi nikapeleka chai. Baada ya hapo tuliishi kama watu wa ukoo wanaoheshimiana. Nilisoma, nikaolewa, nikampelekea unga na sukari, akaja ubatizo wa watoto wangu, tukaulizana habari za afya. Hakuna siku tuliyotaja kibati. Nilijua ameshakipoteza, kama alivyosema mwenyewe langoni.

"Siz," Kariuki akaniita. Alikuwa ameshuka kwenye stuli, pazia limemwangukia begani. "Mbona umenyamaza hivyo? Si lazima uitolee pesa, bana. Nilikuwa natania."

Nikamuuliza mama aliiweka wapi siku zote.

"Hiyo? Kwa purse. Hiyo mkebe ni juzi tu, akiwa mgonjwa." Akaketi kando yangu kwenye mbao. "Mathe alikuwa na mambo. Hakuwa anataka tuiguse. Alikuwa anaisugua tu na kidole gumba, hivi, hata akiona habari kwa TV. Ndiyo maana imeisha. Nikiwa mdogo nilimuuliza ni pesa ya wapi, akaniambia si pesa, ni kibati. Ati kuna mzigo wake aliacha mahali."

"Akasema mahali gani?"

"Hakusema. Mimi nilikuwa namwambia, si uende uichukue basi? Na yeye anasema amechelewa sana." Kariuki akacheka kidogo, akatikisa kichwa. "Ati akienda sasa ataulizwa alikuwa wapi."

Nilikasirika. Nasema ukweli, kabla ya kitu kingine chochote nilikasirika, kwa sababu si mbali, Thika na Mugutha si mbali, na hakuna ambaye angemuuliza. Mimi nisingemuuliza. Ningebeba mfuko wangu wa karatasi tu nikamfuata. Kisha nikapitisha kidole gumba changu juu ya ile senti kumi, pale ambapo pembe za ndovu zilikuwa, na hakukuwa na kitu cha kushika, laini kabisa pande zote mbili, na nikalia jinsi ambavyo sikulia siku ya kumzika.

Kariuki aliogopa. Akaniwekea mkono begani, maskini, hajui alichovunja. "Basi chukua," akasema. "Chukua bure, siz."

"Hapana," nikamwambia. "Si bure. Nilitoa kuku."

"Kuku gani?"

"Mweusi," nikasema. "Wa shingo tupu."

Alinitazama, akangoja nicheke, na nilipokosa kucheka akachukua mkebe wa poda, akaupangusa kwa shati lake, akanipa na kifuniko chake.